Kadi ya Desemba

Harufu ya mninga uliopigwa randa hunirudisha Keko, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye kiwanja kilichokuwa nyuma ya karakana za maseremala. Vumbi la mbao lilitugandia miguuni kwa jasho, na mpira ukitoka nje uliangukia vitanda ambavyo havijapakwa vanishi. Zilikuwa zama za ruksa, bidhaa za nje zikimiminika nchini. Njumu za mitumba zilining'inizwa kando ya barabara kama samaki wa ng'onda, nasi tukizitazama tukiwa pekupeku. Kocha wetu, Fundi Mwinshehe, alikuwa seremala. Asubuhi alitengeneza makabati, jioni alitufundisha mpira, penseli ikiwa bado sikioni.

Rafiki yangu alikuwa Shabani, jirani wa ukuta kwa ukuta. Tulizaliwa mwaka mmoja: mimi wiki ya kwanza ya Januari, yeye katikati ya Desemba. Shuleni na mtaani tulihesabiwa rika moja, ingawa nilimzidi kichwa kizima. Mpira lakini ulimtii yeye. Wenye miili walipomtania, "We kinda, nenda kanyonye kwanza!" aliwajibu bila kugeuka, "Nyie mna miili, mie nina mpira." Kisha akawapita.

Likizo ya Juni zikaja habari kwamba timu ya watoto ya wilaya inataka wachezaji, kila kocha wa mtaa ateue wake. Walitakiwa waliozaliwa mwaka wetu, Januari hadi Desemba, wote kundi moja. Fundi alituagiza tulete kadi za kliniki, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, akanipa daftari niorodheshe majina na tarehe. Hapo ndipo nilipoona jambo. Aliokwisha kuwachagua, karibu wote walikuwa wa Januari, Februari na Machi. Wale wa mwisho wa mwaka walikuwa wamekaa juu ya magogo, wakitazama. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa kuwa tulioitwa hodari tulikuwa tumewahi tu kuzaliwa.

Ikabaki nafasi moja, yangu au ya Shabani. Katika mchezo wa mwisho aliwapiga chenga watatu, nami nikiwemo. Wa nne akamwegemea kwa bega, akamrusha hadi kwenye maranda. Fundi alijikuna kichwa. Huyu alikuwa mtu asiyetia msumeno kwenye ubao kabla ya kuuliza ulikatwa lini, maana ubao mbichi hujikunja. Akaniuliza, "Hivi huyu Shabani ana umri gani?"

Kadi yake ilikuwa mkononi mwangu. Nikasema, "Sawa na mie, kocha."

Haukuwa uongo. Mwaka ulikuwa mmoja; ile miezi kumi na moja niliifunika kwa kidole gumba.

"Basi mwili hana," akasema Fundi. "Andika jina lako."

Nikaliandika, kwa mwandiko uleule. Jioni nilimrudishia mama yake kadi, nikamwamkia. "Marahaba, baba. Ahsante kwa kuitunza," akasema. Shabani alikuwa barazani, akanipiga begani. "Kawafunge, mwana. Mie mwakani."

Mwaka ulipogeuka, timu ilitaka waliozaliwa mwaka uliofuata wetu. Shabani akaonekana mkubwa mno, kwa wiki mbili na ushei. Sisi tuliochaguliwa tulikwisha kupata njumu, mwalimu na mechi za kweli, yeye akapata kipande cha msasa katika karakana ya Fundi. Alipofika miaka kumi na sita alirefuka ghafla, akatupita wote, lakini hakuna aliyekuja kumpima tena. Nami, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wenzangu waliponifikia kwa kimo, ilibainika kuwa sikuwa na kingine. Nikaacha mpira kimyakimya.

Kiwanja kile sasa ni ghala. Watoto wa leo huchaguliwa kwa vyeti vilivyochapwa vizuri, si kadi zilizolowa mafuta, lakini mwaka wao nao huanza Januari, na nikipita viwanjani naona wadogo walewale wamekaa pembeni.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye karakana ya Shabani kuagiza kitanda cha mwanangu. Siku hizi namtazama kwa kuinua uso. Nilichagua ubao mwekundu, mzuri. Aliugonga kwa vidole, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Huu bado mbichi, ndugu yangu. Tuupe muda."

Akaurudisha rundoni, taratibu, kama anayelaza mtoto. Siri ya ile kadi yake ikanijia mdomoni. Nikaishia kumwambia nitasubiri.