Mwaka wa Pili

Kwenye ofisi ya bima alikofanya kazi walimwita Profesa, kwa utani, kwa sababu wenzake walipotoka kwenda kula yeye alibaki mezani na kitabu cha uchumi. "Profesa, sukari itashuka bei lini?" walimuuliza, naye akacheka nao, kicheko cha meno tu. Kusoma shahada ya uzamili ya uchumi ndiyo ndoto pekee aliyobaki nayo, na kila alipoomba, alama za shahada ya kwanza zilimfungia mlango.

Mwaka wa kwanza aling'ara, wa tatu akang'ara. Wa pili ndio uliomponza. Mama yake alipooza ghafla, akalala miezi hajitambui, na mtu wa kumuuguza alihitajika. Mdogo wake Profesa alikuwa anamaliza sekondari.

"Wewe soma," Profesa alimwambia. "Ya mama niachie mimi."

Akawa anatoka wodini asubuhi moja kwa moja kwenda kufanya mtihani wa takwimu, usingizi umemjaa. Mdogo wake alifaulu, akasoma mpaka akawa mhadhiri, na siku hizi hata mama anamwita Daktari.

Safari hii Profesa aliomba chuo anachofundisha Daktari. Wastani wake ulipungukiwa kidogo tu, na kamati ya udahili iliweza kumpitisha mtu wa namna hiyo iwapo mjumbe mmoja angemsemea. Daktari alikuwa mjumbe. Profesa akalala usingizi mnono.

Wakamkataa. Jumapili aliwahi nyumbani kwa mama, akamkuta Daktari jikoni, anasuuza vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

"Dada, nielewe. Wangejua sisi ni ndugu wangesema nakubeba."

"Hakuna aliyeuliza mwaka ule wa pili nilipatwa na nini?"

"Mwenyekiti aliuliza."

"Ukamjibu nini?"

Daktari alifungua bomba tena. "Nilisema labda ni mambo ya ujana."

Profesa alitaka kupiga kelele, akaogopa kumshtua mgonjwa. Akamwacha pale pale na vikombe vyake, akaingia chumbani kwa mama, akamwekea mto vizuri.

"Umesikia Daktari kapandishwa cheo?" mama alimuuliza, uso umechangamka. "Na wewe, mwanangu, ungetulia kidogo tu chuoni, si mngekuwa sawa?"

"Ndiyo, mama," alisema Profesa.