Mjomba Mbele ya Bango la Kompyuta

Miaka ile mamluki wa kigeni walipoishika serikali visiwani, katika mkutano wa kompyuta mjini Moroni, nilimwona kijana wa Mutsamudu kando ya bango la utafiti wake. Akimridhisha jaji, angepelekwa kusoma ng'ambo.

"Nani anaeleza?" jaji mgeni akauliza.

Kijana akamtazama mjomba wake aliyesimama kando yake. Mjomba alikwisha kufanya ndoa kubwa, ile sherehe ya mila inayompa mtu haki ya kusema kwanza mbele ya watu. Kijana hangeweza kumtangulia kusema. Mzee akasawazisha joho, akasoma Fatiha, akausifu ukoo mpaka babu wa babu. Jaji akawa anamtafuta babu huyo katika michoro.

"Muda umekwisha," akasema.

"Vyema," mjomba akajibu. "Sasa mtoto anaweza kuanza."

Hata mamluki aliyelinda mlangoni, aliyezoea kuwaamrisha mawaziri, hakujua amnyamazishe nani.