Chupa Tuliyoitupa Lualaba

Kaka yangu alipokufa, mama hakupata usingizi wiki nzima. Baba alikuwa fundi wa reli hapa Kindu, kwa hiyo tulitibiwa na daktari Mzungu wa kampuni ya reli. Akampa mama vidonge vya usingizi. Mama akalala, nasi tukashukuru.

Shukrani hiyo haikudumu. Kidonge kimoja kikawa viwili, kisha vitatu. Mwanamke aliyezoea kugombania bei na wauza mchele wa Kibombo mpaka wakacheka wenyewe, sasa alitembea akishika ukuta, ulimi mzito, na mboga zikaungua mbele ya macho yake. Majirani walisema amelewa. Niliwachukia, na, niseme kweli, nilimwonea mama haya.

Mwaka ulipotimia, shangazi, dada yake baba, alitupeleka wanawake wote mtoni kumaliza matanga. Desturi yetu ni hiyo: waliofiwa wanaoga Lualaba, na vitu vya msiba, mkeka na nguo nyeusi, vinaachiwa maji. Shangazi akatoa ile chupa ya vidonge.

"Hii nayo njo kitu ya matanga," akasema. "Iende na vingine."

Akanipa mimi, binti mkubwa, niitupe. Niliirusha mbali kabisa, kwa furaha.

Kesho yake mama alikuwa akitetemeka, jasho linamtoka.

"Kwa daktari iko ingine," akaniambia. "Uniombee hata moja tu, mutoto wangu."

"Mama, matanga imeisha," nilimjibu. Nilijiona nimefanya jambo la maana sana.

Siku ya tatu asubuhi, tukichambua mchele uani, alianguka kwa kifafa ambacho hakuwahi kuwa nacho maishani. Nilitaka kukimbia hospitali. Shangazi akanishika mkono: "Mumuache. Njo matanga inatoka mu mwili." Nikamwamini. Kifafa kikarudi mara ya pili, mara ya tatu. Tulipomfikisha hospitali, alikuwa amekwisha kukata roho.

Muuguzi, mtu mpole kutoka Kasai, aliniita pembeni akauliza mama alikuwa akinywa nini. Nilimweleza yote.

"Hii dawa haikatwaka mara moja," akasema. "Inapunguzwaka kidogo kidogo."

"Na kile kimoja alichoomba?"

"Kingemusaidia."

Baba alikuwa amekaa nje kwenye benchi, kofia ya kazi magotini. Aliniuliza muuguzi amesema nini. Nilimwambia amesema ni kazi ya Mungu. Baba akaitikia kwa kichwa, akanishukuru kwa jinsi nilivyomtunza mama yangu.