Nguzo za Mama Amolo

Jeconia Shiundu alikuwa fundi hodari wa mabati na mwongo wa wastani. Nasema hivyo nikimpenda, maana mimi Khamala nilimshikia ngazi miaka mingi hapa mtaani Kongo, Kawangware. Ukimuuliza kama paa lako litavuja, alikujibu kabla hujamaliza swali.

Mwaka wa 1986, mkunga wetu Nereah, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Amolo, aliletewa paneli ya sola na kaka yake, dereva wa wamisheni. Chumba chake hakikuwa na dirisha. Alizalisha kwa koroboi hata mchana, na mwezi uliotangulia alichelewa kuona damu ya mama mmoja, nusura ampoteze. Alitaka taa kabla hajapoteza mtu kweli. Akamwita Jeconia, kwa kuwa ndiye aliyemwezekea miaka saba nyuma, alikague paa aseme kama litafaa.

Siku hiyo Jeconia alikuja kimya, na hilo peke yake lingenitia wasiwasi. Akatazama njia ya jua. Akatazama mkaratusi wa jirani, kama kivuli chake kingefika. Hakingefika.

"Uzito si shida," akasema. "Shida ni upepo. Ukiingia chini ya hii kitu, inaweza ng'oa paa yote."

"Itang'oa aje na nguzo ziko ndani ya udongo?" akauliza Mama Amolo. "Si uliniambia ni futi mbili?"

"Futi mbili," akajibu Jeconia, huku akipanda ngazi.

Alikuwa amefika katikati ya mabati wakati Mideva, mke wa muuza makaa, alipoletwa akishikiliwa na wanawake wawili. Mtoto alikuwa njiani. Mama Amolo akaniagiza nimwambie fundi asigonge chochote, akafunga mlango.

Jeconia akageuka ashuke. Hapo ndipo kona ya paa ilipolia, ikazama upana wa kidole. Akalala kifudifudi juu ya mabati, uso umemparama.

"Khamala, shika nguzo ya kona," akanong'ona.

"Nishike ya nini, na umeizika?"

Nikainama, nikabandua udongo uliopakwa chini ya nguzo. Ilikuwa imesimama juu ya jiwe bapa, na nusu yake ilikuwa imeshateleza.

Nyumba ile tuliijenga Jumapili, wabomoaji wa baraza la jiji walipokuwa wamepita Ijumaa. Tuliamini kwamba wakirudi Jumatatu asubuhi, nyumba yenye paa wangeiacha, kwa hiyo paa lilitangulia na mashimo yangefuata. Hayakufuata. Jeconia alifunika mawe kwa udongo, akaendelea kusema futi mbili mpaka sisi sote tukaamini.

Nilimchukia wakati ule, sifichi. Nikaweka bega kwenye nguzo na kukaza miguu. Ikiteleza, paa lingemwangukia Mideva, na fundi juu yake.

"Sukuma, mama, sukuma!" sauti ya Mama Amolo ilitoka ndani.

"Usiachie, ndugu yangu," Jeconia alinisihi kutoka juu.

Sijui ilipita saa moja au mbili. Jasho liliniingia machoni na sikuwa na mkono wa kulifuta. Kila Mideva alipopiga kelele, nilihisi nguzo ikisogea, au labda ni mimi niliyesogea. Hatimaye mtoto akalia. Hata hivyo Jeconia hakuthubutu kutikisika mpaka Mideva alipotolewa nje kwa blanketi, mwanawe kifuani. Ndipo akashuka, polepole, akiwa amelowa kama mtu aliyenyeshewa.

Mama Amolo akatoka akijifuta mikono. Hakuwa amejua lolote.

"Haya fundi. Itakaa?"

Nilidhani atamjibu haraka kama kawaida yake.

"Haiwezi kaa, Mama Amolo. Nguzo sikuzika hata moja."

Mama Amolo alimtazama. Akanitazama mimi, bega limechubuka, kisha akaliona lile jiwe.

"Miaka saba," akasema. "Watoto wote hao."

Akaingia ndani, akarudi na jembe, akalitupa miguuni pa fundi. Jeconia alichimba siku tatu, nguzo moja baada ya nyingine. Hakuna aliyemuuliza tena ni futi ngapi. Kila shimo lilipokamilika, Mama Amolo alipiga magoti, akaingiza mkono wake mpaka begani, na kama haukugusa chini ndipo aliposema nguzo ishushwe.