Anayechimba Lazima Ajibu

Elmina Opondo amefinyanga vyungu tangu alipoolewa, na tangu alipoolewa anaogopa. Haogopi moto, ingawa umemwachia makovu mikononi. Anaogopa shimo.

Shimo lenyewe liko karibu na Chepilat, chini ya shamba la majani chai, pale kijito kinapokata kona. Ukipita juu huwezi kulijua. Unaona chai iliyochumwa ikalingana, halafu mikalatusi, halafu ukingo mwekundu. Ndani ya wekundu huo kuna utepe wa udongo wa kijivu, mzito, unaoteleza kama sabuni. Utepe huo haukai nje. Unaingia chini ya kilima, na anayeutaka huufuata huko akiwa amelala kifudifudi.

Aliyeugundua ni mama mkwe wake, Aoko, aliyetoka upande wa ziwa kuja kukaa na mwanawe Opondo alipopata kazi katika kiwanda cha chai. Alikwenda kuteka maji, akachota kidonge cha udongo, akakiviringisha na kukizungusha kwenye kidole. Hakikupasuka. Jioni hiyo akamwambia Elmina, "Sasa naweza kuvumilia baridi yenu."

Aoko alimfundisha kuloweka udongo na kuukanda, kuuchanganya na chenga za vyungu vikuukuu, kusimamisha ukuta wa chungu na kuulainisha kwa kipande cha kibuyu. Kwa kuwa huku mvua haikosi mchana, alimfundisha kukaushia jikoni na kuchoma asubuhi, kwa matawi ya chai yaliyopogolewa. Lakini kabla ya hayo yote alimfundisha sheria ya shimo.

Huko kwao, mke mwenza wa Aoko aliingia kuchimba udongo, naye Aoko akabaki nje kumlinda. Jua likamchosha, akanyamaza. Alipoita tena hakuitikiwa. Walimtoa mwenzake akiwa na udongo kinywani. Kuanzia hapo ikawa sheria ya Aoko: aliye juu anaongea, aliye chini anajibu, na hakuna kukoma. Maneno yoyote yanafaa, bei ya omena, umbea wa kanisani, hata uongo. Jibu likikosekana, shika miguu uvute.

Kwa hiyo Elmina aliingia akiwa bibi harusi, kilima chote mgongoni, akijibu. Aoko alipofariki, Opondo ndiye aliyekaa juu akitoka zamu, akimsimulia mpira ambao Elmina hakuuelewa. "Refa alikuwa kipofu!" Opondo alikuwa akisema, na kutoka gizani sauti ya mkewe ikijibu, "Kipofu kabisa!"

Vyungu vya maji viliacha kununuliwa mitungi ya plastiki ilipojaa madukani. Elmina akageukia vyungu vya maua. Siku moja jani la chai lilianguka kwenye chungu kibichi, akaliacha. Moto ulipozimika jani lilikuwa limeungua, lakini mishipa yake ilibaki kwenye udongo, yote, hadi ile myembamba kama unywele. Tangu hapo kila chungu chake kina jani. Wenye hoteli za Kericho huvipanga barazani, na wageni hupitisha kidole kwenye mishipa ile bila kujua mahali udongo ulipotoka. Elmina hakumwambia mtu kwamba usiku akilala chali huona dari inashuka.

Opondo naye akafa, na magoti ya Elmina yakakataa kutambaa. Akabaki Nelvine, mke wa mwanawe Kepher, msichana wa Sigor ambaye Elmina humwita Nyar Sigor, binti wa Sigor, kama Waluo wanavyowaita wake zao kwa jina la kwao. Nelvine alikuwa na mikono ya mfinyanzi. Chungu chake cha kwanza kilisimama wima, na Elmina alikitazama kwa furaha, kisha kwa hofu, kwa sababu alijua kitakachofuata.

"Mama, huyu ndiye mke niliye naye," Kepher alisema. "Sina mwingine wa akiba."

"Na mimi sina mkwe wa akiba," Elmina akajibu.

"Kwani mimi niko wapi?" Nelvine akauliza huku akicheka. "Nitaingia. Vyungu vitatoka wapi, mawinguni?"

Aliingia asubuhi ya kiangazi. Elmina alikaa kwenye mzizi wa mkalatusi, na hapo akagundua jambo ambalo Aoko hakuwahi kumwambia: hofu ya aliye juu ni mbaya zaidi. Aliye chini ana kazi ya mikono. Aliye juu ana masikio tu.

Aliongea. Nelvine alijibu. Karai la kwanza lilisukumwa nje, na Elmina akaona udongo wa kijivu umechanganyika na mwekundu.

"Nyar Sigor, hii ni nini? Nilikwambia ukifika kwenye mwekundu uache! Unataka chungu kipasuke kwa moto watu wanicheke? Unachimba kama mtu anayefukuzwa na ng'ombe! Unanisikia?"

Kimya.

"Unanisikia wewe?"

Kimya. Bonge la udongo likadondoka kutoka mdomo wa shimo, likapiga karai.

Elmina hakumbuki aliteremkaje. Magoti yale ambayo hayakuweza kupanda ngazi ya kanisa yalitambaa. Kwa mwanga uliobaki aliona nyayo mbili, zimetulia. Akazishika kwa vifundo akavuta kwa nguvu zote, na nyayo zikapiga teke.

"Mayoo! Mama, ni nyoka?"

Walitoka nje kinyumenyume, wakakaa kwenye maji ya kijito bila kujali.

"Mbona hukujibu?" Elmina aliuliza.

"Ulikuwa unanigombeza."

"Na ukigombezwa?"

"Kwetu mtu hamjibu mama mkwe akigombeza. Ananyamaza mpaka amalize. Mama yangu alinionya siku ya harusi: ukimjibu, umenivua nguo."

Elmina akampiga kofi begani, kisha akamkumbatia na asimwachie.

Akasema basi, hakuna atakayeingia tena. Udongo uliokuwa nyumbani ukaisha. Mikono yake ikakaa mapajani, na jikoni rafu za kukaushia zikawa tupu. Nelvine ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Mama, nifundishe kujibu."

Walifanya mazoezi jikoni. Elmina aligombeza, na Nelvine, akiwa amefunika mdomo kwa leso, akajaribu. "Mama, samahani, lakini umezidi kelele."

"Shimo halisikii samahani! Tena!"

"Wewe mzee! Umezidi kelele!"

Kepher, aliyekuwa amefika mlangoni kutoka kiwandani, alisimama na kofia mkononi. "Nelvine! Unamtukana mama?"

"Usimkatize," Elmina akasema. "Ndiyo kwanza anaanza kuweza."

Walirudi shimoni kabla mvua za masika hazijaanza. Kepher alikuwa ameparua mdomo wa shimo ukawa mpana kidogo, lakini utepe ulikuwa bado unaingia ndani, na Nelvine akaufuata hadi zikabaki nyayo, kisha zikapotea nazo.

"Unachimba kama kuku mgonjwa!" Elmina alipaza sauti.

"Kuku mgonjwa ni wewe! Na ugali wako ni mbichi!"

"Nani amekufundisha kupika?"

"Si wewe, ndiyo maana naweza!"

Sauti ilikuja kutoka ndani ya kilima, ndogo, kavu, kama ya mtu aliye mbali sana. Elmina aliinama kuisikiliza. Aliisikiliza kwa mwili wote hata akasahau kwamba zamu ya kuongea ilikuwa yake.

"Mama?" udongo ulisema. "Wewe mzee wa magoti! Mbona umenyamaza?"

"Niko."

Chembe chache nyekundu zikadondoka kutoka mdomo wa shimo. Elmina akazitazama mpaka zikatulia.

"Niko hapa," akasema. "Nitukane tena."