Nilifunga Siku Tatu ili Stresi Itoke

Siku ile ya Columbus ningependa kuisahau, mwanangu, lakini inakataa kutoka kichwani. Na leo, nilipokukuta ukumbini kule Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo, kwenye judo mara ya pili kwa siku moja, umejifunga mifuko ya plastiki tumboni ili upunguze kilo, nimeikumbuka yote. Donc, kaa hapa unisikilize. Najua utanijibu kwa Kiingereza. Haidhuru, mradi usikie.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimefika tu Louisville, hapahapa Marekani, kutoka kambi ya wakimbizi Burundi. Mchana niko ghalani nabeba maboksi, jioni niko kwenye mkeka. Klabu yetu ilikuwa imesema, atakayefanya vizuri kuliko wenzake kwenye mashindano ya Columbus ndiye atakayeajiriwa kufundisha watoto judo. Wee! Niliitaka kazi ile mpaka nikawa naiota. Nikafanya mazoezi asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi. Jumapili natoka ibadani moja kwa moja hadi mkekani.

Klabuni kulikuwa na Mkenya mmoja, Barasa, aliyekuja kusomea mambo ya miili ya wanamichezo. Alitupima damu kwa ajili ya masomo yake. Wiki iliyofuata akaniita pembeni, uso ameukunja.

"Bosi, mwili wako una stresi nyingi sana," akasema. "Stresi ya oksijeni."

Nikacheka. "Mimi? Stresi yangu yote niliiacha kambini. Namshukuru Mungu, nalala vizuri."

"Sisemi hiyo. Hii iko ndani, kwenye chembe za mwili. Ukijituma kupita kiasi, oksijeni unayovuta inazaa vitu vinavyoziharibu. Pumzika. Kula."

Bon, hapo ndipo nilipopotea. Oksijeni si ndiyo hewa? Hewa ya Mungu iniharibu vipi? Sikuuliza. Niliona aibu, yeye msomi, mimi mbeba maboksi. Nikashika neno moja tu nililodhani nalijua, stresi, na kwetu stresi ni mawazo, na mawazo tunayaondoa kwa maombi na kufunga. Basi nikafunga siku tatu, sili kitu, jioni maji kidogo, na mazoezi sikuacha hata siku moja! Pasta akaniombea stresi itoke. Pasta hana kosa, sikumwambia habari za mazoezi. Mtu ananiambia kula, mimi nafunga! We acha tu.

Columbus tulikwenda kwa gari, na Barasa pia. Pambano la kwanza nilishinda, sijui hata vipi. La pili nikapangiwa kijana wa klabu yetu hiyohiyo, niliyezoea kumwangusha kila wiki. Nikamshika kola, nikataka kumgeuza, miguu ikakataa. Ikakataa kabisa! Akanilalia kifuani hadi kengele ikalia, nami sina nguvu hata ya kuinua kiuno. Kazi akapewa yeye.

Nililia garini, siwezi kukuficha. Barasa akaniuliza, "Niliposema stresi, ulielewa nini?" Nikamwambia nilifunga. Akashika kichwa. "Nilipaswa kukuuliza mapema," akasema, "lakini na wewe, kwa nini ulinyamaza?"

Akaanza upya, polepole. Kumbe mazoezi yenyewe ndiyo yanayozaa uharibifu ule, na mazoezi hayohayo, yakiwa ya kiasi na mtu akipumzika, yanaufundisha mwili kujikinga. Na ukimeza vidonge vya vitamini kwa wingi ili kuukomesha uharibifu huo, huenda unauzuia mwili kujifunza. Nikazidi kuchanganyikiwa. Kitu kimoja kinaniumiza na kunikinga? Hadi leo kinanichanganya, mwanangu, na hapa Buffalo mnaniita mzee wa judo.

Kwa hiyo sikia. Hiyo mifuko sitaki kuiona tena. Kesho pumzika, na usimeze kidonge chochote kabla ya kumuuliza daktari. Na mtu akikwambia neno kuhusu mwili wako, hata kama unadhani unalijua, mwambie, nieleze tena, sijaelewa. Watakucheka? Wacha wacheke. Mimi niliogopa kuchekwa dakika moja, nikaikosa kazi niliyoitaka kuliko zote, na hadi leo inaniuma.

Mungu akupe hamu ya kula, akupe usingizi mzito, akupe na mdomo wa kuuliza. Amina. Haya, mama yako ameshapakua. Nenda ukale.