Salfa Usoni

Mwaka wa pili wa ndoa yangu, huko kijijini Mpapura, ngozi yangu iliikataa salfa. Asubuhi tulipulizia mikorosho, mimi na mume wangu, vumbi la dawa likinishukia usoni na shingoni. Jua lilipopanda nikaanza kuwaka moto. Kufikia jioni uso ulikuwa umevimba, kisha ukababuka na kuacha mabaka meusi.

Mawifi zangu walisema nimejipaka mkorogo ili niwe mweupe.

Nilimshurutisha mume wangu anisindikize hospitali mjini, asikie mwenyewe. Daktari akamweleza kwamba nina mzio wa salfa, na jua linauzidisha. “Mkeo asiingie shambani msimu wa kupulizia dawa,” alisema.

Nilimshukuru Mungu, nikidhani sasa yamekwisha. Tukiwa njiani kurudi, mume wangu aliniambia kwa upole, “Mke wangu, mimi ni mkulima. Mke wa kukaa kivulini nitamweka wapi?”

Kabla korosho hazijaanza kudondoka, alikuwa ameshaniacha na kuoa mwingine. Nilirudi kwa mama yangu, kijijini Mtawanya. Mawifi hadi leo wanasema niliachwa kwa sababu ya mkorogo, na aliyekuwa mume wangu hajawahi kuwakanusha.